Bima ya mashambulizi ya mtandaoni: uzoefu wangu na biro ndogo ya forodha Lubumbashi

Ninaongoza biro ndogo ya kutoa mizigo forodhani hapa Lubumbashi. Kazi yetu karibu yote hupitia imeli na WhatsApp: faktura, nakala za pasipoti za madereva, hati za malori yanayongoja mpakani Kasumbalesa. Bima ya moto na ya magari tulikuwa nazo. Hii ya mtandao niliichukua pale mteja mmoja wa upande wa migodi alipoiweka kuwa sharti la mkataba. Sasa wenye biro kama yangu wananiuliza kama inafaa. Inafaa, ila usitie sahihi kabla hujasoma kurasa za ndani.

Mteja wetu mwingine, wa Likasi, alichelewa kulipa, nikampigia simu. "Mama, sisi tulishalipa. Tangu Ijumaa." Nikamwomba anitumie faktura aliyolipia. Ilikuwa yetu: nembo yetu, muhuri, sahihi ya mhasibu, namba za makontena sawasawa. Mstari wa akaunti ya benki tu ndio ulikuwa na herufi nyembamba kidogo kuliko mistari mingine. Na barua ilitoka kwenye anwani yetu yenyewe, si ya kufanana nayo.

Nikapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye mkataba wa bima. Fundi wao alikuwa Kinshasa, akafanya kazi kupitia intaneti. Kwanza alimtoa kila aliyekuwa ameingia kwenye akaunti, kisha akatuonyesha jambo ambalo peke yetu tusingeligundua. Mwizi alikuwa ameweka amri ndani ya sanduku letu la barua: kila ujumbe unaotaja faktura au malipo uhamie kwenye folda ya RSS, ambayo hakuna mtu bironi anayeifungua. Barua za mteja zilikuwa zimelala mle, pamoja na swali lake la kwa nini tumebadilisha benki, na jibu la upole lililoandikwa kwa jina letu. Uthibitisho wa hatua mbili tulikuwa nao. Fundi alieleza kwamba kuna kurasa bandia zinazokaa katikati: unaandika nywila na msimbo, zinavipeleka kwenye ukurasa wa kweli, na mlango ukishafunguka mwizi anaingia pamoja nawe.

Kwa huduma hiyo peke yake nawapa alama za juu.

Halafu yakaja madai. Mteja alisema barua ilitoka kwenu, kwa hiyo hasara ni yenu, na kusema kweli alikuwa na hoja. Wengi hudhani bima hii ni ya kompyuta zilizoharibika. Ya kwetu ilikuwa na sehemu ya dhima pia, yaani inasimama pale mtu mwingine anapoumia kupitia mashini zako na kukudai. Walitulipia wakili, akakaa na upande wa mteja, na kampuni ikalipa sehemu kubwa ya hasara baada ya kukata kiasi ambacho mwenye bima hujibebea. Bila hiyo ningelipa kwa mishahara ya wafanyakazi. Mteja bado anafanya kazi nasi.

Sasa yasiyonipendeza. Kiwango kikubwa cha dola kilichoandikwa ukurasa wa kwanza si cha kila jambo: udanganyifu wa malipo una ukomo wake, mdogo zaidi, ndani kabisa ya mkataba. Faktura yetu ingekuwa kubwa mara mbili, tungebaki na deni. Pia walidai karatasi nyingi, na majibu yalichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Tena soma kifungu cha vita, yaani kile kinachosema bima hailipi hasara za vita, hasa sisi wa nchi hii. Mnamo Juni 2017 virusi vya kompyuta vinavyoitwa NotPetya vilianzia Ukraina vikaenea duniani. Merck, kampuni ya dawa ya Marekani iliyopigwa na virusi hivyo, ilipodai bima zake za mali, kampuni za bima zilikataa zikisema ni tendo la vita. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2024. Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake sote tunayajua, nayo ilipigwa; iliokolewa na mashini moja ya ofisi yake ya Ghana ambayo virusi havikuifikia, kwa kuwa ilikuwa imezimika umeme ulipokatika. Sisi tunaolalamikia umeme kila siku tunaielewa hadithi hiyo. Tangu 2023 Lloyd's, soko la bima la London, linadai mikataba hii iseme wazi jinsi inavyotenga mashambulizi yanayotoka kwa serikali. Mwombe wakala wako akuonyeshe kifungu hicho kwa kidole.

Chaguo sasa lipo. Sheria ya bima ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na kampuni za binafsi zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Hakikisha unayemlipa ana kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 inamtaka anayeshika data za watu azilinde. Pasipoti za madereva wale zimo.

Mkataba wetu nimeufanya upya. Ada imepanda, nimelipa, na nimeomba ukomo wa udanganyifu wa malipo uongezwe mpaka ufikie faktura yetu kubwa kabisa. Faktura zote sasa zina mstari mwekundu: akaunti ikibadilika, pigia simu namba uliyo nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua.