Kayaki ya kujaza upepo kwenye maji ya Tanga

Tunayoizungumzia ni ile ya watu wawili, ya PVC, yenye vyumba vitatu vya upepo: pande mbili na sakafu. Ikikunjwa inaingia kwenye begi na kupanda bodaboda, jambo ambalo mtumbwi wa mwembe hauliwezi. Kwa kutazama ndege kwenye maji yaliyotulia tunaipa alama za juu. Inakaa chini, haina mngurumo, na ukiacha kupiga kafi mita thelathini kabla, ikateleza yenyewe, yangeyange anaendelea kuvua kana kwamba hukupita. Mdiria ni mwoga zaidi. Kinachomtimua ni kafi la alumini kugonga ubavu, basi lifungie kitambaa pale linapogusa.

Udhaifu wake mkubwa ni jua. Nyingi za aina hii hujazwa psi 1 hadi 3 (psi ni kipimo cha presha). Soma namba iliyoandikwa karibu na valvu. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 45 ndani ya chumba kilichofungwa, presha huongezeka karibu psi 1. Kwa hiyo iliyojazwa psi 2 ikaachwa mchangani saa sita mchana inakaribia 3, na mshono unaweza kuanza kuachia. Ijaze kwenye kivuli cha mti wa mkungu, pande kwanza kisha sakafu, na utumie geji, maana kidole hakipimi. Ikishaingia majini hewa hupoa na kayaki hulegea. Baada ya dakika kumi ongeza kidogo. Ukitoka, punguza upepo kabla ya kuianika.

Upepo ni tatizo la pili. Ni nyepesi na mbavu zake ziko juu, hivyo husukumwa ovyo, hasa wakati wa kusi. Ingia alfajiri, utoke kabla ya saa tatu. Pezi la chini ya tezi, yaani nyuma, lisisahaulike: bila hilo omo, yaani mbele, inayumba kila unapopiga kafi. Kwenye mikoko pia kaa mbali na mizizi, kwa kuwa chaza wanaoishikilia wanakata PVC kama wembe.

Wapi pa kwenda? Bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi, ni chanzo cha maji ya kunywa ya jiji, kwa hiyo omba ruhusa kwanza, na uwaulize wavuvi kuhusu mamba. Mito ya Wami na Ruvu, hapana kabisa, kwa sababu ya viboko. Kiboko aliyekomaa huzidi tani moja, hukaa chini ya maji dakika kadhaa bila kuonekana, na chombo kinachomzibia njia ya kwenda kilindini hukipindua. Huko panda boti ya injini pamoja na askari wa hifadhi. Jaketi okozi livaliwe popote.

Ikitoboka, paka povu la sabuni uone panapotoa mapovu. Kausha, safisha kwa asetoni, kata kiraka cha PVC kinachozidi tundu sentimeta 3 kila upande, kigandamize, uache saa 24. Gundi iwe ya PVC. Ile ya fundi baiskeli ni ya mpira: itashika asubuhi, na jua likiwaka kiraka kitabanduka.