Wamenifungia turbo kwa silikoni, halafu wakasema injini yangu imechoka

Naanza na kile kipande cha silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia maungio, kwa sababu ninacho mpaka leo kwenye dashibodi ya gari, na kila nikikiona damu inanichemka. Ni kidogo kama punje ya hindi. Kilitolewa ndani ya bomba la kurudishia oili kwenye turbo mpya kabisa (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), turbo niliyoitafuta kwa miezi na kuilipia kwa jasho langu.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini, yenye injini ya EJ20. Sifa zake mnazijua. Turbo iliyokuja nayo, ile ndogo ya TD04, ilikuwa imefika mwisho: ukishika shafti kwa vidole inacheza, na ukikanyaga mafuta inalia kilio ambacho si mluzi wa turbo nzima. Ningeweza kufunga ya mtumba ya aina ileile maisha yakaendelea. Lakini nilitaka kubwa zaidi kidogo, na nilijua ninayoitaka: TD05 16G, ukoo uleule uliofungwa kwenye Lancer Evolution, yenye flenji (uso wa kufungia bolti) ya Subaru ili nisianze kuchomelea vyuma.

Kabla sijafika kwenye gereji, niseme jambo kuhusu kuchagua, maana hapa vijana wengi wanapotezwa. Kila duka nililoingia waliniambia, "Chukua 20G, ile kubwa zaidi, ndiyo mashine." Mashine ya nani? Feni kubwa inahitaji moshi mwingi wa ekzosi kuizungusha. Kwenye foleni ya Ubungo haitaamka hata siku moja, na ukiwa nyuma ya lori unataka kupita, unakanyaga, unasubiri, unaendelea kusubiri, mwisho nguvu inakuja wakati gari linalotoka mbele limeshafika. Mimi kwetu ni Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili isukume kiasi kilekile cha hewa. Iliyochelewa kuamka Dar itachelewa zaidi Uyole, kulekule Mbeya. Kwa hiyo 16G, na sijutii hata chembe.

Muuzaji wa turbo nampa heshima zake zote. Kijana mpole. Aliniruhusu niizungushe shafti, nichungulie mapezi, nisome bamba la namba kwa tochi ya simu, kwa sababu feki zimejaa kila kona. Kwenye boksi zilikuwemo gasketi za chuma na washa mpya za shaba. Shikeni hilo la gasketi.

Gereji sasa. Siitaji jina. Ni ya Dar, ina bango kubwa, ina picha za magari ya mbio ukutani. Nilifika na mdogo wangu wa kiume, ambaye gari kwake ni chombo cha kumfikisha kazini basi. Tangu tunashuka, mwenye gereji aliongea na mdogo wangu. Mimi nauliza, yeye anamjibu dogo. Nikasema injini imepimwa presha ya silinda wiki hiyohiyo na zote nne zinalingana. Akamgeukia: "Dogo, dada yako anasoma sana mtandaoni eh?" Nikasema gasketi zimo kwenye boksi, na kabla ya kuwasha turbo imwagiwe oili kwanza, kisha wazungushe injini bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Akacheka. "Dada, hizi gari za turbo si za kwendea saluni. Tuachie kazi."

Nikawaachia. Jioni nikachukua gari, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unanikera: lilikuwa tamu. Tamu mno. Mshale ukivuka elfu tatu, unasikia turbo inavuta pumzi pale chini ya boneti, gari linanyanyua pua na barabara ya Bagamoyo inakuwa fupi. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota zote tano usiku uleule.

Ila kwenye foleni, nikisimama muda, nyuma palikuwa panatoka moshi wa bluu. Niliwapigia simu. "Ni oili ya kwenye turbo mpya, itaungua yenyewe."

Haikuungua. Siku kadhaa baadaye nilisafiri kwenda nyumbani, na Kitonga ikanionyesha. Mnaijua Kitonga, ule mlima kabla ya kufika Iringa: malori yanapanda kwa taabu, unakwama nyuma yao, unaachia mafuta, unakanyaga, unaachia. Kila nikikanyaga baada ya kuachia, wingu la bluu linafunika magari ya nyuma. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia mpaka ndani. Nilipofika Ilula nikapima oili, stiki imekaribia kukauka. Nikapiga simu Dar, haikupokelewa. Mdogo wangu akapiga kwa simu yake, ikapokelewa mara moja. "Mwambie dada yako injini imechoka ringi za pistoni. Arudi tuipige ovaholi."

Ovaholi! Injini ambayo presha yake ilikuwa sawa silinda zote, ambayo haijawahi kutoa moshi mpaka wao walipoigusa! Na ringi zilizochoka hazisubiri usimame foleni ndipo zitoe moshi. Zinatoa hata ukiwa unavuta mlima kwa nguvu.

Iringa mjini nilielekezwa kwa fundi mmoja wa makamo, gereji yake ni bati nne na shimo la kuingilia chini ya gari. Shikamoo, marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakugusa injini. Alifungua bomba la kurudishia oili, akaingiza koleo jembamba, akatoa hicho kipande chekundu. "Mwanangu, turbo yako nzima. Ilikuwa imezibwa koo."

Niwaeleze, maana kuna watu wamebadilisha turbo mbili tatu kwa kosa hili. Shafti ya turbo ya namna hii inaelea juu ya oili, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba, lakini inatoka kwa uzito wake tu, inashuka kwenye bomba nene hadi silinda hedi, kile kichwa cha injini. Haina pampu ya kuirudisha. Bomba hilo likizibwa, oili inajaa pale katikati, na vizibo vya turbo si raba, ni ringi za chuma ambazo hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Inapenya kwenye ekzosi, inaungua, unapata moshi wa bluu. Ukipaka silikoni kwenye flenji ile, ukikaza bolti, ya ziada inaminywa kuingia ndani. Na vipande vingine vinaposhuka vinakwenda kwenye chujio la pampu ya oili, ambako vinaweza kuua beringi za injini nzima. Mzee alishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akalisafisha chujio. Vilikuwemo.

Nilipofungua boksi la turbo lililokuwa buti, gasketi za chuma zilikuwa bado kwenye plastiki yake. Hazikuguswa. Alizifunga yeye mzee wa Iringa, akaimwagia turbo oili kwanza, akazungusha injini mpaka taa ikazima, bila mimi kumwambia. Tangu hapo, moshi hakuna. Nilipanda mpaka Mbeya gari likiimba.

Niliporudi Dar nikaweka kile kipande mezani kwa mwenye gereji. Akakitazama. "Silikoni tunapaka magari yote. Tatizo ni Subaru, injini mbovu hizi." Injini mbovu! Impreza imeshinda Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, kwenye mawe, vumbi na matope ya Kenya, na yeye mwenyewe amebandika picha ya gari hilohilo ukutani kwake!

Nilitaka kuandika kwamba turbo ya kufunga baadaye ni presha tupu, baki na ya kiwandani. Nafuta. Turbo hii ni nzuri, nyota tano. Nimebaki na spring ileile ya wastegate, ule mlango unaopunguza msukumo wa turbo, sijaongeza msukumo mpaka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ipangwe upya, kwa sababu hewa ikizidi bila mafuta kufuatana nayo pistoni za EJ20 zinapasuka. Gereji nilitaka kuipa nyota moja kwa sababu bolti walikaza vizuri. Nayo nafuta, sifuri.

Hela ya ufundi bado nawadai. Jumatatu naifuata, na mdogo wangu simchukui.