Sumaku ya watoto: ipi ununue hapa Kampala, ipi uiache

Kabla hujatoa pesa beba misumari midogo kama kumi mfukoni. Ukifika dukani nasisha mmoja kwa sumaku, wa pili uning'inie kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, ukiona hata wa pili unadondoka rudisha iyo kitu. Mi nilijifunza kwa machungu, nilinunua vile vijiti vyekundu na bluu duka fulani mjini, kufika home havinyanyui hata pini, kurudi naambiwa mali ikishauzwa hairudi.

Namba moja kwangu ni sumaku ya spika mbovu. Nenda kwa fundi redio yeyote, Katwe wapo, muulizie spika zilizoungua, nyuma yake kuna duara jeusi zito lenye tundu katikati, mi nilitoa elfu tatu nikapewa mbili. Mwambie aibandue yeye maana inavunjika kama kigae ukiigonga nyundo. Sa ifunge ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), watoto waiburute kwa mchanga wa barabarani mvua ikishakatika, inatoka imeota ndevu nyeusi, ni chembe zenye chuma hizo. Sumaku ukiitoa ndani ya kaveera ndevu zote zinadondoka kwa karatasi (bila kaveera utazichokonoa mpaka Krismasi), alafu ipitishe chini ya karatasi, zinasimama zenyewe na kuifuata, wangu wa miaka sita alipiga kelele "mama zinatembea!" Baada ya hapo nyumba nzima ikapimwa, sufuria ya alumini haikunasa, geti likanasa, sarafu ndo walibishana mpaka usiku.

Namba mbili ni hivyo vijiti, ila vipite mtihani wa misumari kwanza. Uzuri wake ncha zimeandikwa N (kaskazini) na S (kusini), kwa iyo mtoto anaona N kwa N zinasukumana, N kwa S zinang'ang'aniana, ndo maana ununue viwili, kimoja hakikusaidii. Sugua sindano kwa ncha moja, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, mara 30 hivi, ilaze juu ya jani dogo kwa beseni la maji, inageuka yenyewe kaskazini na kusini. Usiwaache waviangusheangushe wala kuviweka karibu na sigiri (jiko la makaa), nguvu zinapungua.

Herufi za friji ni namba tatu, basi tu. Zinafundisha ABC kuliko sumaku.

Vile vishanga vidogo vya sumaku vinavyong'aa, vya niodimu (sumaku kali sana), usinunue hata ukipewa bei ya kutupa. Mtoto akimeza viwili vinatafutana ndani ya tumbo, vinaubana utumbo katikati mpaka unatoboka. Kama tayari vipo nyumbani vitoe leo, na ukihisi mtoto amemeza usikae kusubiri vitoke chooni, panda boda mpaka hospitali, wampige eksirei.