Uzoefu wangu na CD 7 za watunzi wa Stax, na fundi viatu wa Mwembesongo

Boksi hili nililisubiri miezi minne. Dada yangu anayeishi Leeds ndiye aliyeniagizia, akanibebea alipokuja likizo. Lilifika kona moja imebonyea, maana duka lililouza lilitia mzigo kwenye bahasha ya karatasi tupu kama barua ya posa. Dada aliwaandikia, hawakumjibu. Basi, yameisha, CD zenyewe ni nzima.

Jina lake ni Written in Their Soul: The Stax Songwriter Demos, lilitoka Juni 2023. Ndani yake kuna rekodi 146 ambazo watunzi wa Stax, ile kampuni ya Memphis, Marekani, iliyorekodi soul, muziki wa Wamarekani weusi, walijirekodi wenyewe ili kumwonyesha mwimbaji wimbo unavyokwenda. Hazikukusudiwa tuzisikie mimi na wewe, na karibu zote hazikuwa zimetoka popote. Mtayarishaji Cheryl Pawelski alitumia zaidi ya miaka kumi kupekua kanda za zamani mpaka akazipata. Mwaka 2024 boksi likapata Grammy mbili, mojawapo kwa maandishi ya kitabu chake.

Mtu wa Morogoro anahusikaje na Memphis? Kwetu aliyeleta soul ni baba mdogo. Alikuwa kijana Dar es Salaam mwaka 1969, na Novemba ya mwaka huo ndipo serikali ya mkoa wa Pwani, ambao Dar ilikuwa ndani yake wakati huo, ilipoupiga marufuku muziki huo jijini kwa kuwa haukuendana na utamaduni uliotakiwa. Baba mdogo alirudi Morogoro na sahani zake za santuri amezifunga ndani ya shuka, akawa anapiga chumbani, sauti chini, dirisha limefungwa. Marufuku ilikuwa ya Dar, huku hakuna aliyemfuata, lakini alipenda kujiona mhalifu. Nje ya dirisha hilo mji ulikuwa na muziki wake: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Cuban Marimba aliyoiacha marehemu Salum Abdallah. Sisi watoto tulikulia katikati ya vyote viwili.

Na palikuwa na fundi viatu mmoja Mwembesongo. Huyu alikuwa anatunga. Namwona mpaka leo: kiatu kimepakatwa, misumari midogo mitatu minne ameibana midomoni, anaimba kwa puani kwa sababu mdomo hauwezi kufunguka, na nyundo ndiyo ngoma. Watu wa bendi walikuwa wanakuja, wanakaa kwenye benchi kama wateja, wanaondoka na wimbo. Siku moja tukausikia mmoja redioni, RTD. Mtangazaji akataja bendi, akataja mwimbaji. Fundi aliendelea kugonga soli. Nikamuuliza, "Shikamoo babu, huo si wako?" Akatema misumari kiganjani, akasema, "Marahaba. Ulikuwa wangu."

Nilipoweka CD ya kwanza ndiye niliyemsikia. Sina njia nyingine ya kuieleza. Mtu mmoja, gita au piano, mguu unagonga sakafu, wakati mwingine makofi, na sauti isiyojali kupendeza kwa sababu kazi yake ni kumwelekeza mwenzake. Mfano ni Respect Yourself, ambao Mack Rice aliutunga na Luther Ingram, na dunia ikaujua mwaka 1971 kwa sauti za kundi la Staple Singers. Wao waliuimba kama mahubiri. Humu Rice yuko peke yake, mkavu, kama mtu anayebishana barazani na jirani aliyemkopa akakimbia. Mimi nimeupenda huu zaidi, nichekwe tu.

Mtu niliyekaa naye muda mrefu ni Bettye Crutcher. Alikuwa muuguzi na mama mwenye watoto wa kulea, akaingia Stax kama mtunzi wakati kazi hiyo pale ilikuwa ya wanaume. Pamoja na Homer Banks na Raymond Jackson walijiita We Three, na mwaka 1968 mwimbaji Johnnie Taylor akaimba Who's Making Love, kazi yao pamoja na Don Davis, ukawa mmoja wa nyimbo zilizouza sana kwenye kampuni ile. Crutcher mwenyewe aliishia kutoa albamu moja tu, 1974. Sauti yake ni ya chini, haina haraka, inasema maneno machungu kama anayepanga vyombo kabatini. Alifariki Oktoba 2022, boksi likatoka miezi minane baadaye. Hilo limenikera kuliko kona iliyobonyea.

Banks naye alikuwa muuzaji kwenye duka la sahani la Estelle Axton, mmoja wa waanzilishi wa Stax, ukuta mmoja na studio. Studio yenyewe ilikuwa sinema ya zamani, Mtaa wa McLemore, sakafu ina mteremko vilevile. Nafikiri ndiyo maana mashairi yake hayapotezi muda: mtu aliyesimama nyuma ya kaunta anajua mteja ananyanyua shingo kwenye mstari gani.

Sasa kwa anayetaka kununua. CD tatu za mwanzo ni nyimbo ambazo Stax ilizitoa baadaye, ya nne ni zile zilizokwenda kwa kampuni nyingine, tatu za mwisho ni nyimbo ambazo hazikuchukuliwa na yeyote. Anza na hizo za mwisho. Ukianza na CD 1 utakuwa unalinganisha tu na unazozijua, utachoka mapema. Ya nne mimi niliiruka mara mbili. Usilete hizi kwenye sherehe, wageni watakuomba ubadilishe. Kanda nyingine zina mchakacho, na sabufa zetu hizi za besi kubwa zinauzidisha, kwa hiyo shusha besi au tumia spika za masikioni. Kama huna deki, usinunue ya mtumba bila kuijaribu palepale. Ya kwanza niliyouziwa Kariakoo ilimeza CD 2 na ikabidi tuifungue kwa bisibisi. Mwenye bando asikilize kwanza mtandaoni, lakini atakosa kitabu, na kitabu ni nusu ya utamu. Robert Gordon amekiandika pamoja na Deanie Parker, aliyekuwa mfanyakazi wa Stax na mtunzi pia.

Mwezi uliopita nilimpigia baba mdogo CD 6. Sasa anasikia kwa sikio moja, akalisogeza kwenye spika. Baada ya nyimbo tatu akauliza hawa ni kina nani, mbona yeye na soul yake yote hawajui. Nikamsomea majina kitabuni, moja moja, akawa anayarudia.

Wa Morogoro anayetaka kuazima aje tu. Ya nne achukue hata leo. Ya sita haitoki nyumbani.