TAHADHARI: "Chai ya maziwa na kitambi" isiyo na lebo

Akina mama mnaonyonyesha, kuna wauzaji wanaowafuata inboksi na pakiti ya majani yaliyosagwa, eti inaongeza maziwa na kukata tumbo kwa mpigo. Msinunue. Kinachopunguza tumbo haraka mara nyingi ni sanamaki, mmea wa kuharisha.

Sanamaki ya duka la dawa, yenye kipimo, kwa siku chache, kwa kawaida haina shida kwa anayenyonyesha. Hii ya pakiti haina kipimo, na unaambiwa uinywe kila siku mwezi mzima. Kilo zinazopungua ni maji na choo, mafuta yako palepale. Ukiharisha mfululizo unapoteza potasiamu: misuli inalegea au kukaza, moyo unadunda vibaya. Muuzaji atakwambia "mwili unatoa sumu". Ni uongo, tena wa hatari.

Kuna baya zaidi. Baadhi ya bidhaa za kupunguza uzito zinazoitwa za mitishamba zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi. Kwa macho huitambui.

Kabla ya kulipa, dai picha ya lebo: kila mmea na kiasi chake, mtengenezaji, namba ya usajili, tarehe ya kuisha. Akijibu "ni siri ya ukoo", achana naye. Ukiona mmea uitwao komfri, achana naye pia, unaharibu ini. Uwatu nao hushusha sukari, kwa hiyo mwenye dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, vilevile anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na mwenye mzio wa karanga au dengu aukwepe.

Akisema umpe mtoto kijiko "cha gesi", kataa katakata. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Ile anisi yenye umbo la nyota, kiungo cha chai za gesi, ina jamii yake ya Kijapani yenye sumu, zikikauka hazitofautishiki, na zipo chai zilizowatia watoto degedege kwa mchanganyiko huo.

Maziwa huongezeka titi linapotolewa maziwa mara kwa mara: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Kama umeshaanza kuinywa, acha leo lakini usitupe pakiti. Mtoto akiharisha, akilegea, akisinzia kupita kawaida au akitetemeka, mkimbize hospitali nayo mkononi.