Kamusi la neno moja: uzoefu wangu

Kila nikiliona lile kamusi juu ya kabati damu inanichemka. Nilinunua Darajani, kwenye meza moja ya vitabu, muhula ulipokuwa ndiyo unaanza. Kamusi dogo la Kiingereza kwa Kiswahili, jalada la plastiki. Bei msiniulize, nikiitaja nitaumwa tena.

Mwanangu alipewa kazi ya nyumbani skuli: sentensi kumi zenye "take", azitie Kiswahili. Nikamwambia funua kamusi. Akafunua. "Take: chukua." Nukta. Neno jengine. Mtoto wa watu akaandika alichopewa. "I take a bath", kaandika "Nachukua bafu". Ndege inapopaa, yeye "inachukua mbali". Daftari limerudi limejaa wino mwekundu utadhani limechinjiwa kuku. Na pembeni ya "Chukua kiti" mwalimu kauliza: "Akishachukua ampelekee nani?"

Sasa hebu niambieni nyie. Sisi tunakoga. Tunakaa kitako. Dawa tunakunywa hata ikiwa ya kidonge, picha tunapiga, mtihani tunafanya, gari tunapanda, nguo tunavua. Mwingereza yote hayo ni "take" tu, anabadilisha vijineno vya pembeni. Neno lenye kazi zote hizo unalipa mshahara wa neno moja? Ndovu kapewa mistari mitatu, nimeihesabu. Na ndovu mwenyewe Unguja hayupo!

Nikalirudisha. Kijana wa mezani nimemsalimu hakuitikia, macho kwenye simu. Nikamwonesha ukurasa. Akasema: "Bimkubwa, kwani ulitaka nini? Take si chukua? Wewe umechukua kamusi, mie nimechukua pesa. Tumemaliza." Mbele ya watu! Mpaka muuza ndizi wa pembeni akacheka. Mtoto wa kumzaa, wallahi.

Nimefika nyumbani natetemeka. Mpwa wangu anasoma lugha chuoni, yeye ndiye aliyenituliza, au tuseme ndiye aliyenichochea. Ati neno lenyewe asili yake hata si la Waingereza. Waliletewa na watu wa Skandinavia, wale mabaharia wavamizi waliokwenda kufanya makazi mashariki ya Uingereza karne ya 9. Kwao lilikuwa "taka". Nikadhani ananitania. La, anasema kweli, ila halina udugu na taka zetu, si ya kutaka wala ya jaani, yamefanana sauti basi. Haya, udugu hakuna, lakini kamusi nilishalipatia jina.

Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na lao, "niman". Hilo mgeni akalisukuma nje kidogo kidogo, likabakia limejificha ndani ya "numb", yaani ganzi. Kitu chenye ganzi kwao ni kitu kilichochukuliwa. Na sisi si twasema mtu kashikwa na ganzi? Hapo nilifurahi nikasahau hasira dakika tano nzima.

Lakini haki nayo niiseme. Usiku barazani kwetu tunacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni viwe maneno, kila herufi na pointi zake, aliiacha mgeni mmoja, na kamusi hilohilo ndilo hakimu. Siku moja mkononi nina T, A, K na E. K katika mchezo mzima ni kimoja tu kati ya vipande 100, kina pointi 5, huwezi kukitupa ovyo. Ukitia "take" kavukavu unapata 8. Mie nikazigeuza zilezile: "teak". K ikaenda mwisho, ikaangukia kisanduku cha kuzidisha herufi mara tatu, nikapata 18. Shemeji akaruka: hakuna neno hilo! Likafunuliwa kamusi: "Teak: msaji." Na muda wote anabisha kaegemea mlango wa msaji, ule wa babu yake, wenye njumu za shaba! Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Siku ile nililibusu kamusi, sikufichi. Nikasema kumbe ubaya ni wa yule kijana, kitabu cha watu hakina kosa. Nikataka hata niwaambie nyie mkanunue.

Hazikupita siku nyingi. Mpwa akamwaga vipande vyake vyote saba kwa mpigo: "mistake". Herufi zenyewe 13, na ukimaliza saba unaongezewa 50, hiyo 63 kabla ya kuzidisha chochote. Akasimama, akaanza kucheza ngoma. Shemeji, mwenye kisirani cha msaji, akasema lete hakimu. Tukafunua. "Mist" limo. "Mistress" limo. "Mistake" halimo! Kamusi halijui neno kosa! Mpwa analia kwamba kila mwenye masikio analijua, shemeji anasema wewe si ndiye uliyesema hakimu ni hakimu? Vipande vikarudi mkononi, ubao ukafungwa, chai ikapoa. Mpaka leo hawa wawili wanasalimiana kwa mkato.

Kwa hiyo msinunue. Au nunueni kama mna shemeji mbishi na mlango wa msaji, hapo litawafaa mara moja. Mie Jumamosi narudi nalo Darajani, na safari hii nasimama pale mezani mpaka salamu aitikie.