Spika kali, chumba cha chokaa, na amplifaya ya Marantz PM6006: uzoefu wangu hapa Lamu

Nianze na spika maana ndo zilonitia taabuni. Ni zile zenye twita (kile kipaza cha sauti za juu) ya pembe, mdomo kama tarumbeta, nilizipata Nairobi kwa mtu alokuwa ahama, zikaja na basi mpaka Mokowe, zikavuka na boti, halafu punda mpaka nyumbani Langoni, na mwenye punda akaniuliza kama nimezika paka wawili humo ndani. Kwa karatasi zimeandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Hapo hazidanganyi, zapiga haswa. Spika ya desibeli 89 yataka wati 4 kufika pale ambapo hizi zafika kwa wati 1. Kelele ziko basi, utamu ndo haukuwepo.

Wakati huo nilikuwa na amplifaya ndogo ya Klasi D (ile yawasha na kuzima umeme haraka haraka), yatosha kiganjani, ya kutumia adapta kama ya laptopu. Kampuni siitaji na kwa kweli haina kosa kubwa, spika zangu za zamani iliziendesha miaka miwili sina neno. Lakini siku ya kwanza na hizi za pembe nikaweka taarab ya zamani, udi na fidla na taishokoto (ala ya nyuzi na vitufe), na taishokoto mwajua hata ikipigwa mbele yako ni ala kali, hii ilitoka kama misumari. Mwimbaji naye kila akifika penye "s" yatoka tsss, kama samaki atiwa kwenye mafuta ya moto. Mamangu alikuwa chumba cha ndani akaniita, "Mwanangu, hebu lipunguze lidude hilo, kama mtu akwangua ukoko." Nikapunguza. Ikawa mbaya zaidi! Maanake sikio letu volyumu ikishuka ndo la kwanza kupoteza besi, kwahivyo ile besi kidogo iliyokuwepo ikaondoka tukabaki na ukoko mtupu.

Nikaanza kusomasoma usiku. Kila mahali waambiwa spika kali yataka amplifaya "yenye joto", na wengine wakutajia taa za vakyumu za bei ya jahazi. Mimi hilo neno joto silipendi sana maana kila mtu ana joto lake. Ila kitu kimoja kilinikaa. Amplifaya nyingi ndogo za Klasi D za bei nafuu zina filta pale pa kutokea, koili na kapasita, na hiyo filta imepimwa kwa spika za omu fulani (omu ni kipimo cha spika kuzuia umeme), mara nyingi 4. Ukiifunga spika ya omu 8, tena ambayo kule juu kwenye trebo, yaani sauti za juu, omu zake zapanda zaidi, basi filta yaachia ile sauti ya juu kabisa ipande kidogo. Si nyingi, desibeli moja mbili hivi, lakini umwongezee nani? Twita ambayo tayari yapiga mayowe?

Khalu wangu yuko Mombasa akaniambia kuna mtu auza Marantz PM6006 kuukuu, elfu 35, nikamwambia kwanza angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Ya huku ni 230. Ukiletewa ya Marekani ni 120 na bila transfoma siku hiyohiyo wasikia harufu. Ilikuwa 230, nikatuma pesa.

Hii ni Klasi AB, ule mtindo wa kizamani usiowasha na kuzima umeme, wati 45 kila upande kwa omu 8, na kwa spika za desibeli 95 wati 45 ni kama kuvulia dagaa na nyavu ya papa. Kitufe cha volyumu mpaka leo hakijapita saa tatu (namaanisha alama yake yatazama kushoto, penye 9 ya saa ya ukutani, si usiku). Nilipoiwasha mara ya kwanza nilikuwa natarajia muujiza, wallahi sikuupata. Ilikuwa bora, "s" zilitulia, udi ukapata tumbo lake, lakini ukoko bado ulikuwepo kwa mbali. Kilichonisaidia hasa ni vile vitufe vya besi na trebo, ambavyo watu wa sauti safi wavidharau. Kuna kitufe chaitwa Source Direct chaviruka hivyo vyote, na kila mtu asema kiache kimewashwa. Mimi nimekizima. Trebo nimeirudisha mpaka saa tano, yaani penye 11, besi nimeipandisha nywele moja, basi. Loudness usiiguse kwa spika kama hizi, yaongeza besi na trebo pamoja.

Sasa kisa chenyewe. Siku moja nimesimama katikati ya chumba nikapiga kofi kumfukuza paka, nikasikia tranggg, kama waya umevutwa. Chumba chetu ni cha kiamu cha zamani, upana haufiki mita 3 kwa sababu boriti za mikoko ndo zilivyoamua, urefu wake karibu mara mbili na nusu, kuta za matumbawe na chokaa laini kama yai, sakafu saruji. Trebo yatoka kwenye twita, yapiga ukuta huu, yarudi ule, yapiga tena. Nimekaa miezi minne nalaumu amplifaya na ukuta wanitazama!

Nikatandika busati nene (mkeka jaribu ukitaka, ni mwembamba, haukuzuia kitu), pazia zito upande mmoja, matakia nyuma, na nikageuza mpango wote ili ukuta wenye zidaka uwe nyuma yangu, kwa sababu vile vishimo vyavunjavunja sauti badala ya kuirudisha nzima. Spika nazo nilikuwa nimezielekeza usoni kwangu kama bunduki, nikazinyoosha zitazame mbele tu ili pembe ipite pembeni ya sikio. Nikapiga kofi tena, tap, ikafa hapohapo. Nikirudia ile taarab, fidla ikaja mbele na taishokoto ikarudi nyuma mahali pake.

Kwahivyo kama waniuliza nigawe kumi, chumba nakipa tano, Marantz naipa tatu, na kule kugeuza spika nakupa mbili. Hata hivyo Marantz siirudishi, yatulia, haichemki, ila haina bluutuu na yakera, nimelazimika kutafuta kidude cha kando nikichomeke. Na kwa walio pwani kama mimi, zile ncha za waya za spika angalieni kila baada ya miezi michache, upepo wa chumvi wazifanya kijani, mimi hukata sentimita moja nachuna upya.

Ile amplifaya ndogo nimempa mdogo wangu ana spika za omu 4 huko Shela. Nilienda Ijumaa baada ya swala nikaisikia, mashallah yalia vizuri kabisa, nikanyamaza tu nikanywa kahawa yake.